Shingo ya Tavaris Odom

Kwa misimu mitatu Tavaris Odom alikuwa taiti endi wa akiba katika timu ya futiboli ya Kimarekani. Ni yule anayesimama ukingoni mwa ukuta wa wazuiaji, mara agongane na majitu ya timu pinzani, mara achomoke akadake mpira. Kudaka alijua tangu zamani. Kuzuia ndiko kulikomshinda, hata wenzake wakamwita Pazia. Sasa Whitlow, mwenye nafasi hiyo, alikuwa ameumia goti, na Jumapili Pazia ndiye angeanza.

Lakini Jumanne mazoezini aligongana na Pruitt, beki mnene kama jokofu, akaanguka kifudifudi. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtia hofu. Aliona majani mbele ya pua yake, akaiamuru mikono imwinue. Haikusogea. Miguu nayo, kimya. Alitaka kupiga kelele, sauti ikakwama.

"Amka, Pazia! Umekuja kulala?" Pruitt alimtania.

Mara moto ukamwenea mwilini, vidole vikarudi kimoja kimoja. Tavaris akasimama, akacheka kwa nguvu kuliko wote. Hakumwambia mtu.

Kesho yake asubuhi Kocha Brandvold alimwita chumba cha video.

"Tazama hapa. Mwaka jana huyu angekukunja kama kiti cha ufukweni. Sasa je? Kiuno chini, mikono ndani. Umekomaa, mwanangu, nimewaambia wakubwa." Akasimamisha picha. "Wao wanachouliza ni mwili tu. Bega lako lile, mguu ule. Utauhimili msimu mpaka Desemba?"

"Niko fiti, Kocha."

"Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna."

Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. Alivifuta kwenye kaptula chini ya meza.

Mchana ule walipanga safu tena, na mbele yake alikuwa Pruitt yuleyule.

"Leo nakuvunja, kaka," Pruitt alinong'ona, meno nje.

Ulikuwa utani wa kila siku. Tavaris aliinama, akaweka vidole chini. Alijiona kitandani, macho tu yakizunguka, mtu akimlisha supu kwa kijiko. Mrusha mpira alianza kuita ishara. Kabla mpira haujaguswa, Tavaris alisimama wima, akavua helmeti.

"Odom! Wazimu gani huo?" Brandvold alifoka.

"Kocha, naogopa."

Mtu mmoja alicheka. Wengine walitazama chini.

"Jana nilipoanguka sikuweza kusogeza kitu. Mikono wala miguu. Asubuhi nimekudanganya."

Brandvold akasema polepole, "Usigeuze kichwa. Simama hapohapo. Daktari!"

Pruitt, aliyekuwa bado ameinama, alikaa kitako kwenye nyasi, uso umemsawijika.

Walimfunga kola ya shingo, wakampeleka kupigwa picha. Daktari Castellanos aliitazama ile picha kwa muda mrefu mno.

"Njia ya uti wako wa mgongo ni nyembamba, na hapa imebanwa. Hutacheza tena, Tavaris."

"Na kama ningegongwa leo?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Huenda usingeinuka."

Alidhani akishasikia hivyo hofu ingemtoka. Ndiyo kwanza ikakolea. Alishuka ngazi za hospitali ameshikilia reli kwa mikono miwili, mtu mwenye nguvu kama yeye, akitafuta kila kidato kwa kisigino.

Jumapili alikaa sebuleni kwa mama yake, Loretta, televisheni ikionyesha mechi. Nafasi yake alipewa chipukizi aitwaye Haskins, ambaye kuzuia alikuwa bado hajakujua. Kila rundo la watu lilipomwangukia Haskins, Tavaris aliacha kupumua.

"Nizime, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Ngoja kwanza ainuke."