Vumbi la Bega la Kulia

Nimeangushwa na shemeji yangu mara thelathini na moja katika wiki sita, na katika hizo zote labda mara mbili ngumi ilinifikia. Zilizobaki nilianguka mwenyewe, kwa ombi la Kocha.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ni seremala. Ulingoni anaitwa Komeo, kwa sababu zamani akikufungia kwenye kona, hutoki. Nasema zamani. Mwaka jana alipigana na fundi mmoja wa mabomba, mtu mfupi mwenye mkono wa kulia mzito kama spana, akala moja ya sikio raundi ya pili. Alipozinduka aliuliza kama mbao zimeshaletwa. Kwa siku mbili hakulikumbuka jina la binti yake. Baadaye akili ilirudi yote, lakini ikaja na tabia mpya: ngumi ikianza tu safari, Komeo anafumba macho. Hata mteja akiinua mkono kumsalimia pale karakana, anafumba.

Na Jumamosi alikuwa arudiane na Fundi Bomba yuleyule.

Kocha anauza saruji, na mazoezi tulifanyia ghalani kwake, katikati ya mifuko, kwenye sakafu ambayo ukiifagia asubuhi, mchana ni kijivu tena.

"Mikono yake mizima," aliniambia pembeni. "Kilichoharibika ni imani. Akiona watu wanaanguka mbele yake, ataamini. Akiamini, macho yatakaa wazi yenyewe. Kazi yako wewe ni kuanguka."

Mimi nashona magodoro. Mambo ya kulala chini nayaelewa. Nilianguka polepole, nikaanguka ghafla, nikaanguka huku nazunguka. Siku moja nililia "Mama yangu!" na Kocha akanivuta kando akanionya kwamba mtu aliyezimia hamwiti mama yake.

Dawa ikaanza kufanya kazi, au ndivyo tulivyoona. Komeo akaanza kupiga mluzi akiranda mbao. Akaanza kutembea kifua mbele, hata akienda chooni. Kocha akamwagiza asimame mbele ya kioo kila asubuhi na kusema "Mimi ndiye" mara saba.

"Anaongea na kioo mpaka chai inapoa," dada alilalamika. "Na kioo hakijamjibu hata siku moja."

Mimi nakaa kwao, chumba cha nyuma, na nguo zetu zote zinafuliwa kwenye beseni moja. Jumatano dada aliniita uani. Alikuwa ameshika fulana yangu mkono mmoja, ya mumewe mkono mwingine.

"Mdogo wangu, hebu njoo."

"Naam, dada."

"Hii yako ina vumbi la saruji bega la kulia. Jana, bega la kulia. Wiki nzima, bega la kulia tu."

"Ndiko ninakoangukia."

"Mtu aliyepigwa hachagui pa kuangukia. Huyu wangu mwaka jana alianguka kwa uso, nikadhani meno yatamtangulia kufika."

"Goti langu la kushoto bovu, dada, unajua. Kwa hiyo napenda kulia."

"Unapenda!" Akanitazama kama anavyotazama nyanya ya jana. "Na ya mwenzako je? Itazame. Ina jasho tu. Wiki sita, hana hata chembe ya vumbi. Kuna mtu yeyote aliyemrushia ngumi huko ghalani?"

Nikahesabu kichwani. Hakuwapo. Nilikuwa nikiwahi kulala chini kabla sijarusha hata moja, kwa hiyo hatukujua macho yake yanafanya nini. Tulikuwa tumemjaza imani na hakuna aliyeigonga kusikia kama ndani kuna kitu.

"Nilimfundisha jina la mwanawe mara moja," dada alisema, akiitia fulana yangu majini. "Sitaki kumfundisha tena."

Alhamisi sikuanguka.

Komeo akanipiga ya mbavu, nikasimama. Akanipiga ya kidevu, ikauma, nikasimama.

"Vipi shemeji, leo umekula nini?"

"Chakula cha mkeo. Sufuria moja na wewe."

Kocha akakohoa kule kwenye mifuko, kikohozi cha kunikumbusha kazi yangu. Nikajifanya sisikii, nikarusha mkono wa kulia, nusu ya nguvu, nikiupeleka wazi kama mtu anayenyoosha nguo kwenye kamba. Komeo akafumba macho. Ngumi ikamkuta sikioni, akakaa chini kwa makalio, vumbi likapanda.

"Umeniharibia mtu!" Kocha akapiga kelele. "Siku mbili zimebaki, umeniharibia mtu!"

Komeo hakumsikiliza. Alikuwa anatazama glovu zake.

"Zile zote," akaniuliza, "ulikuwa unaanguka tu?"

"Karibu zote."

"Ile ya Jumanne?"

"Ya Jumanne niliteleza."

Alianza kufungua kamba ya glovu kwa meno, na hapo nikajua kwamba ikifunguka, amerudi nyumbani, na Jumamosi atakwenda kwa aibu tu, macho yakiwa yamefumbwa tangu mlangoni. Maneno mazuri yote yalikuwa yameshamalizwa na kioo.

Akaiacha kamba. Akajipapasa sikio, akapapasa na sakafu kando yake, kama seremala anayekagua ubao.

"Kumbe ndiyo hivi tu," akasema. "Piga tena."

Siku ile alikwenda chini mara nne. Mara ya tatu, jicho la kushoto lilibaki wazi. Mara ya nne yalibaki yote mawili. Aliiona ngumi ikija, akachelewa kuikwepa, akaanguka akiitukana. Fulana yake ilifika nyumbani kijivu mbele, nyuma na mabega yote. Dada aliigeuza, akaichunguza, akaiweka peke yake. Ijumaa Komeo alikunywa chai ikiwa moto.

Jumamosi, raundi ya pili, ile spana ikaja. Komeo aliiona, nami niliona kwamba ameiona, akaipunguza nguvu nusu tu. Akaenda chini. Dada, safu ya mbele, hakupiga kelele. Mwamuzi akahesabu. Kwenye sita Komeo alikuwa kwenye goti, anatulia, mtu aliyewahi kufika hapo na anayeijua njia ya kurudi. Kwenye nane akasimama.

Mapumzikoni nilimmwagia maji.

"Ya kwako nzito zaidi, shemeji," akanong'ona.

Nilijua ananidanganya. Nikaamini palepale.

Alimaliza raundi zote macho wazi, akapoteza kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja. Kabla daktari hajafika, dada alikuwa ameshapanda ulingoni.

"Mwanao anaitwa nani?"

Komeo akalitaja jina, akaongeza na lile la utani analoitwa nyumbani akikataa kuoga.

Dada akamgeuza taratibu, akamkagua mgongo na mabega, akamvua fulana aende nayo kwenye beseni.