Maji Yanayopanda Juu

Jina la Chumvi mzee alipewa na mkewe mwenyewe, tena hadharani, tena kwenye harusi ya binti yao. Kabla ya hapo watu walimjua kwa kazi yake tu: mwendesha greda, ule mtambo mkubwa wa kusawazisha barabara za vumbi. Siku hiyo alishikishwa kipaza sauti awape maharusi nasaha mbili tatu, akajikuta ameshafika kaskazini, enzi za ujana wake, walipokuwa wakichonga barabara ya kupanda milimani. Akaeleza kwamba huko aliona kwa macho yake maporomoko ya ajabu, maji yanafika ukingoni, yanaanza kuanguka, halafu yanaghairi na kurudi juu. Mkewe, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kipaza sauti na bila kukihitaji, "Jamani mpokonyeni hicho kitu, huyu leo kapakia chumvi gari zima." Ukumbi ukavunjika mbavu. Bwana harusi alicheka mpaka soda ikamwagikia gauni la bibi harusi, gauni ambalo mama mkwe alilikeshea.

Mzee naye alicheka, tena sana, kwa sababu hakuwa mtu wa kununa. Jina likamganda hapohapo. Mtaani akawa Mzee Chumvi, kazini akawa Mzee Chumvi, hata daktari anayempima presha alimwita hivyo na kumwonya kwamba jina lake lenyewe ni ugonjwa. Nyumbani ikazuka na methali yao. Mtu akileta habari isiyoingia akilini, mwenzake anamjibu, "Na maji yakapanda juu," na mazungumzo yanaishia hapo.

Basi utani ni mtamu, nani anakataa? Lakini hata sukari ikizidi inakinaisha. Mzee alipostaafu alihamishia kiti chake cha plastiki kwenye chumba cha kushonea cha mkewe, mlangoni, katikati ya marundo ya mapazia, na kazi aliyojipa ikawa kuokota pini zilizodondoka kwa sumaku aliyoifunga kwenye kijiti. Alikuwa akiokota na kusimulia. Kisha akawa anaokota tu. Mshonaji hakugundua ni lini hasa simulizi zilikatika, maana cherehani ina kelele zake, mpaka siku mjukuu wao alipokuja kutoka shule. Mtoto huyo wa kike walimwita Kasuku kwa sababu lisemwalo nyumbani asubuhi, mchana mtaa mzima umelipata. Kasuku alitupa mkoba, akakaa miguuni pa babu yake, akadai hadithi ya kaskazini.

"Muulize bibi yako," mzee akamjibu kwa upole. "Za kwangu zina chumvi nyingi."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipouma. Aliendelea kupitisha sumaku yake chini ya meza. Mshonaji aliusahau mguu wake kwenye kanyagio, na sindano ikatoka nje ya mstari ikala pazia la watu. Jioni nzima alikuwa anafumua mshono ule. Utani ulikuwa wake, na aliyeumia alikuwa wake pia. Alimtaka mume wake arudi kusimulia, hata uongo, hata mchana kutwa, kuliko kuishi na kile kimya.

Ndipo alipoanza kuwasokota wanawe. Binti yake, nesi, akaombewa likizo na mama yake kwa maneno ambayo hata mkuu wa wodi hakuweza kuyapinga. Mkwe, mhasibu mwenye gari zuri la kupanda milima na mapenzi makubwa na ramani za kwenye simu, akaambiwa kwamba mtoto hajawahi kuona twiga na kwamba hiyo ni aibu ya baba. Mzee akaambiwa ni safari ya Kasuku. Alikwenda kupangusa viatu vyake.

Mshonaji mwenyewe alikuwa na mpango wake moyoni na hakumwambia mtu. Habari ya maji kupanda hakuiamini hata chembe, na hakuwa na sababu ya kuiamini, maji hufuata mkondo. Lakini alishakata shauri. Wakifika kule kwenye maporomoko, hata kama maji yataanguka kama ya bomba, yeye atatazama, atatikisa kichwa, na ataapa kwamba yanapanda. Uongo mmoja kwa ajili ya mume si dhambi ya kumpeleka mtu motoni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wangeiona hii ya Mzee Chumvi wangefikiria upya, maana lami iliisha asubuhi na barabara haikuisha kutwa nzima. Nchi ilifunguka mbele yao kidogo kidogo: kwanza vichaka, halafu nyasi za rangi ya dhahabu zisizo na mwisho, halafu milima, mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele wa kijani, wa nyuma wa buluu, na wa mwisho kabisa usingejua kama ni mlima au ni wingu. Hewa ilikuwa safi mpaka binti akasema anahisi kama ameoga kwa ndani. Twiga watatu walivuka barabara kwa madaha ya watu wasio na deni, na mkwe akazima gari bila kuambiwa. Hakuna aliyepiga picha mpaka walipopita. Kasuku, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu ajue kusema, alinyamaza.

Kisha mbuni akatoka vichakani akaanza kukimbia sambamba na gari, shingo mbele, manyoya yanapepea, kama anayegombea abiria. Mshonaji alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Mbuni wa kushindana na magari alishamsikia. Alisimuliwa zamani, jikoni, na alimjibu mumewe kwamba labda mbuni huyo alikuwa na leseni. Mbele kidogo wakaingia bonde la mawe meusi matupu, yaliyolala ovyo mpaka upeo wa macho, mazuri kwa namna ya kutisha, na hilo nalo alishalisikia. Akageuka kumtazama mzee. Alikuwa ameegemea dirisha, na mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza gotini. Kila walipokaribia kona, mkono ulisukuma au kuvuta kidogo, na kona ikafuata. Alikuwa bado anaichonga ile barabara.

Walifika kileleni alasiri. Gari liliachwa kwenye nyasi, wakatembea hadi ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa jambo la kumfanya mtu ashike mkono wa mwenzake. Dunia ilikatika pale kwa kisu. Chini kabisa kulikuwa na tambarare yenye vivuli vya mawingu vinavyotembea, na mto mdogo uliopita kando yao ulifika kwenye mwamba, ukajitupa.

Maji yalianguka. Yalikuwa meupe, marefu, mazuri ajabu, na yalianguka chini kama maji yote duniani. Hapakuwa na hata jani lililotikisika.

"Babu," Kasuku akasema, "mbona yanashuka?"

Mkwe akaangua kicheko, akakimeza haraka, akajifanya anakohoa. Binti akatazama viatu vyake. Mshonaji akaona zamu yake imefika. Akasogea mbele, akakaza macho, akatikisa kichwa kwa mshangao alioufanyia mazoezi njia nzima.

"Mimi naona yanapanda," akasema. "Pale katikati. Yanapanda kabisa."

Mzee alimgeukia polepole. Kutaniwa alikuwa amezoea, lakini uso aliokuwa nao sasa mkewe hakuwahi kuuona.

"Usinidanganye, mama watoto," akasema. "Mwongo kwenye nyumba hii tunaye mmoja, anatosha."

Akaondoka kwenda garini peke yake. Mshonaji alibaki pale ukingoni, akijua amefanya nini. Kumcheka mtu ni kumwambia humwamini. Kumhurumia ni kumwambia hata huna haja ya kumwamini. Alitamani ayarudishe maneno yake mdomoni, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na hilo alikuwa akiwafundisha watu tangu ujana.

Jioni ile walilala nyumba ya wageni ya bati, chini kidogo ya kilele. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, chupa ya chai, beseni, na pazia lililoshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Mzee alilala uso ukutani. Mkewe alianza sentensi nyingi na hakumaliza hata moja.

Asubuhi alikuwa anakunja nguo kimyakimya pazia lilipomgonga mgongoni. Akalisukuma, likarudi. Akasimama akalitazama kwa jicho la kazi: pazia zima lilikuwa limejaa upepo kutoka upande wa tambarare, limetuna, pindo lake bovu linapigapiga. Alipogeuka alimkuta mzee, aliyekuwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu, naye analitazama. Macho yao yalipokutana, mzee akarudi kwenye kamba zake.

"Siku ile kulikuwa na upepo?" mshonaji akamuuliza.

"Ulikuwepo."

"Sasa mbona jana hukusema?"

"Ningesema, kingekuwa kisingizio."

Mshonaji aliacha nguo kitandani. Nje mkwe alikuwa ameshapakia kila kitu na ameshapiga hesabu ya mwendo, akieleza kwa adabu zote kwamba wakichelewa kidogo tu giza litawakuta njiani na mama Kasuku ana zamu kesho yake. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda. Alisema wanarudi juu. Alisema kama kuna mwenye haraka, barabara ya chini ipo na miguu anayo. Mkwe alimtazama mkewe apate msaada, na mkewe alikuwa ameshaingia garini.

Waliyasikia kabla ya kuyaona, na wakalowa kabla ya kuyasikia vizuri. Mbali na ukingo, kwenye nyasi kavu, mvua ilikuwa inawanyeshea na mbinguni hakuna wingu. Wakasogea. Mto ulikuja mpaka kwenye mwamba kama jana, ukainama kama jana, na hapo upepo unaopanda gengeni ukaupokea. Maji yakasimama. Kisha yakajikunja nyuma, yakapanda, meupe, mapana, yakapita juu ya vichwa vyao na kuanguka mgongoni mwao, kwenye mto uleule yalikotoka, yakarudi kujaribu tena. Hakuna tone lililofika chini.

Kasuku alikimbia huku na huku mdomo wazi, anakunywa mto. Binti alikuwa analia na kucheka. Mkwe alisimama na miwani imejaa maji, simu mfukoni ameisahau, akirudia neno moja tu, "Yanapanda. Yanapanda." Habari ya chumvi haikutajwa na mtu.

Miaka yote hiyo mshonaji aliyatupa maji haya kwa neno moja, na ukumbi mzima ukamshangilia. Alihisi mkono kwenye kiwiko chake. Mzee alimvuta taratibu mpaka kwenye jiwe fulani lililotokeza, akamsimamisha ubavuni mwake, jua la asubuhi likiwa migongoni mwao.

"Usitazame maji," akasema. "Tazama chini."

Chini yao, kwenye ukungu wa matone uliojaa gengeni, palikuwa na upinde wa mvua. Lakini haukuwa nusu, ule unaotoka mlima huu na kuzama mlima ule. Ulikuwa duara zima, limefunga, rangi zote zimezunguka bila kukatika, na katikati yake kulikuwa na vivuli viwili vimesimama bega kwa bega. Mshonaji akainua mkono. Ndani ya duara, kivuli kimoja kikainua mkono.

Aliuacha mkono juu. Kisha akasema kwa sauti ndogo.

"Hili hukuniambia."

"Nilikuwa peke yangu, sina shahidi. Nikaanza na lile dogo, la maji, ukaniita Chumvi." Aliongea bila kinyongo, macho yake bado yako chini. "Na hili je, ungeniitaje? Mimi sikuongeza kitu, mama watoto. Nilipunguza."

Machozi yalimtoka mshonaji na hakuyafuta, uso mzima ulikuwa umelowa hata hivyo. Akasema, "Nisamehe, mume wangu," waziwazi, kwa sauti ya kusikika juu ya maji, mbele ya binti na mkwe na Kasuku, maana jina alilitoa hadharani na hakuona kwa nini hili alitoe pembeni. Mzee akamwonya asimame vizuri, jiwe linateleza. Akaendelea kumshika kiwiko.

Walipoondoka jua lilikuwa limepanda na hesabu zote za mkwe zilikuwa zimekufa. Walipita mawe meusi nguo zikiwa bado mbichi. Safari hii mshonaji alikuwa amekaa nyuma, pembeni ya mumewe, na Kasuku katikati. Alimtazama kwa muda akiwa dirishani, ule mkono wake ukichonga kona. Kisha akamuuliza.

"Nini kingine ulinipunguzia?"

Mzee alimgeukia, akamchunguza uso, akitafuta utani ulipojificha. Alitafuta sana. Hakuuona.

"Mengi," akasema. Akajiweka sawa kitini, akakohoa kidogo kusafisha koo. "Unaona ule mlima wa tatu, wenye bega? Sasa nyuma yake pale kuna ziwa."

Binti akanyoosha mkono akazima redio. Mkwe, bila kuambiwa, akapunguza mwendo.