Mshono Usiokaliwa

Baiskeli ilikuwa ikimchubua Mokeira mapaja, na kaptura ya kuyakinga haikupatikana kwa pesa alizokuwa nazo. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Mradi wa afya ya watoto ulikuwa umempa baiskeli ya milimani yenye gia kumi na nane, mizani ya kuning'iniza, na nyumba sitini za kuzungukia katika vilima vya Gesima. Msimamizi alikuwa amesema bila kupepesa: asiyemaliza nyumba zake kabla ya Juni kwisha, baiskeli itapewa mwingine, na kazi itaifuata baiskeli. Tarehe kumi na moja, Mokeira alikuwa amefika nyumba kumi na tisa. Jioni hiyo mumewe, Momanyi, alimtazama akijipaka mafuta, akasema, "Ungekuwa punda, mwenye punda angeshtakiwa."

"Punda huwekewa tandiko," Mokeira alimjibu. "Mimi nimewekewa sketi."

Dukani Kisii kaptura za baiskeli ziliuzwa elfu moja na mia nne. Mshahara wake wa mwezi ulikuwa elfu moja na mia tisa. Alijaribu ya mtumba, ya kiume. Mshono wake mnene ulipita katikati, pale pale mwanamke anapokalia, na kabla ya nyumba ya tatu aliivua katikati ya michai, akaitupa.

Ikabaki kushonesha. Fundi hodari wa karibu alikuwa Ogeto wa Keumbu, naye alikuwa binamu ya marehemu baba yake Momanyi. Kwa hiyo alikuwa mkwe. Kwa mkwe, mwili wa mke wa mwana hauguswi, hauonekani, wala hautajwi. Mokeira akadhani amepata ujanja. Alijipima mwenyewe nyumbani kwa uzi, akapiga mafundo, akaufunga katika karatasi.

"Tata, nimeleta kipimo," alisema, akimwita baba kwa Kikisii, amesimama nje ya kibaraza, macho chini.

"Cha nini?"

"Cha kaptura."

"Ya nani?"

Mokeira aliiweka karatasi mezani, akarudi nyuma hatua mbili, na hilo likawa jibu. Ogeto aliisukuma karatasi kwa ncha ya mkasi mpaka ikafika ukingoni mwa meza.

"Mwanangu, huu ni uzi tu, sivyo? Lakini umepita wapi? Nikiushika, nami nimepita huko."

Wateja wawili walicheka, kisha wakaona uso wa fundi, wakaacha. Mokeira aliokota karatasi yake, akaondoka akiikokota baiskeli kama mtu anayemrudisha ng'ombe mgonjwa. Hakuichukia desturi ile. Alijua heshima ni ua, na ua humhifadhi aliye ndani. Lakini ua hauendi Gesima kupima watoto, na watoto wa watu walikuwa wakikonda huku yeye akiona haya.

Asubuhi yake alishuka mjini Kisii, njia nzima akiwa amesimama juu ya pedali. Huko Ratilal, Mhindi mwenye duka, aliuza vitambaa. Mkewe, Manju, alikuwa na cherehani nyuma ya kaunta.

"Mimi nashona blauzi, mama," Manju alisema. "Suruali ya mwanamume sijui."

"Si ya mwanamume. Ni yangu."

Manju aliitazama baiskeli pale ngazini. "Lete ndani."

"Ndani ya duka?"

"Sasa nipime wewe umesimama? Utaendesha ukisimama?"

"Leo nimeendesha nikisimama. Ndiyo maana nimekuja."

Ratilal aliambiwa neno moja kwa lugha yao, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwao, akihesabu vifungo ambavyo hakuna aliyevitaka. Mokeira akapanda baiskeli kati ya majora ya vitambaa, mkono mmoja kwenye kaunta. Utepe ulipozunguka paja lake aliona macho yake hayakwenda chini. Yalibaki mbele, kama barabarani.

Manju alipomaliza alivuta suruali pana ya binti yake, Janki, akaipindua.

"Ona. Hapa katikati mishono haikutani. Kuna kiraka."

Kilikuwa cha pembe nne, kama kipande cha kashata, na mishono yote ilikimbilia pembeni. Mokeira alipitisha kidole pale mara mbili.

"Shona hivyo," Mokeira alisema. "Ndani weka fulana ya pamba, uikunje mara tatu. Sponji inaweka jasho."

Ya kwanza ilibana magotini. Mokeira akaivua, akairudisha.

"Umelipa moja, unataka nishone mbili," Manju alinung'unika.

"Bado sijalipa."

"Haya. Basi ngoja nifumue."

Tarehe thelathini, saa tisa alasiri, mtoto wa nyumba ya sitini alilia ndani ya mizani, naye Mokeira akaandika kilo zake.

Habari za uzi zilikuwa zimeshaenea. Wanawake wa ukoo walisema kosa ni kosa, na lina kuku wake wa faini. Mokeira hakumtuma mtu. Alimfunga kuku miguu, akampakia kwenye keria ya baiskeli, akaenda Keumbu amevaa kaptura chini ya sketi.

"Tata, nilikosa kukuletea uzi," alisema. "Kuitafuta kaptura sikukosa."

Ogeto alimpokea kuku, akamwingiza ndani, akarudi kwenye cherehani yake.

Gharama ya kaptura ilikuwa hivi. Kitambaa, mia moja na ishirini. Fulana, arobaini. Lastiki na uzi, ishirini na tano. Ushonaji, mia moja. Ile ya mtumba, mia moja na hamsini. Jumla, shilingi mia nne thelathini na tano. Kuku mmoja jike, aliyekuwa akitaga. Na salamu za Ogeto, alizoacha kumpa tangu siku ya uzi, ambazo kufikia Desemba hazikuwa zimerudi.