Maji ya Kuoshea Mwiko

Mwenye mtoto fundi lipu na asikie, na mwenye mtoto anayetamani kujifunza kazi hiyo asikie mara mbili.

Palikuwa na mama mmoja mshona nguo. Cherehani chake kilikaa barazani, uso kwa uso na jengo lililokuwa likipanda ng'ambo ya barabara. Ndani ya jengo hilo alifanya kazi mwanawe wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, hata baada ya kuota ndevu. Kitinda alikuwa fundi wa lipu na dari. Asubuhi alitoka nyumbani kijana, jioni akarudi na mvi za vumbi, kope zimeshikana.

"Umezeeka leo," mama humtania.

"Basi niamkie," naye hujibu. "Heshima iko wapi siku hizi?"

Kabla hajaoga wala kula, Kitinda alichukua sindano za mama yake akazitunga uzi, moja moja, kwa ajili ya kazi ya kesho. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka. Aliwaambia wateja wake, "Miwani yangu iko ng'ambo ya pili, inapiga lipu."

Mama huyu alikuwa mwoga, na uoga wake haukuwa wa bure. Usiku alimsikia mwanawe akikohoa vumbi la kusugua bodi za jipsamu. Akamshonea kitambaa cha kuziba pua, kizito, chenye kamba za kufunga kisogoni. Kitinda alikivaa kidevuni.

"Kidevu hakivuti pumzi, baba."

"Nikikipandisha siwezi kuimba, mama."

"Na miwani ya kukinga macho? Hamkuletewa?"

"Ililetwa. Iko stoo."

"Stoo inafanya nini?"

"Inakinga macho ya stoo." Akacheka peke yake. Halafu akaeleza kwamba wakaguzi wakija miwani hutolewa, wakiondoka hurudishwa kwenye mifuko yake isije ikachubuka. Na hata yeye hakuililia. Ukiivaa inajaa mvuke, huoni mstari, na lipu ikikauka kabla hujainyoosha, ukuta umeharibika. "Lipu haingoji mtu, mama."

Utamwambia nini mtu mwenye kazi yake? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, lakini hakuna aliyesema utamfanyaje akishakua.

Sasa ikawa wiki moja bomba la mtaa mzima limekauka. Asubuhi hiyo Kitinda alikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya jukwaa la mbao, anapiga dari kwa saruji na chokaa. Kupiga dari ni kutazama juu, na kinachodondoka hakina pengine pa kwenda. Bonge likabanduka.

Mama alikuwa anapinda ukosi wa shati. Akasikia yowe. Mashine ya zege ilikuwa inanguruma, magari yanapita, lakini yowe lile alilijua tangu likiwa halina meno. Likafuata la mtu mwingine: "Chokaa! Imemwingia jichoni!"

Alinyanyua dumu la maji ya kunywa lililokuwa chini ya meza, akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, kiatu kimoja kikabaki njiani. Getini palikuwa na bango kubwa limeandikwa USALAMA KWANZA, na chini ya bango alisimama mlinzi, kijana mpole aliyewahi kushonewa suruali na mama huyo huyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba, nipishe."

"Kofia, mama."

"Kofia gani?"

"Kofia ngumu. Kichwa wazi haingii mtu. Mwenzangu alifukuzwa kwa mgeni wa namna hiyo hiyo."

"Mwanangu ameingiwa na chokaa! Si haya hapa maji!"

"Nasikia, mama. Lakini tofali likikuangukia, mimi nitasema nini?"

"Nipe hiyo kofia basi!"

"Za wageni ziko stoo. Ufunguo anao msimamizi."

"Msimamizi yuko wapi?"

"Ametoka."

"Basi yapeleke wewe!"

"Nikiacha geti, nimeacha kazi." Na machozi yalikuwa yanamlenga, maskini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye amri moja, kaishika kwa mikono miwili.

Juu ikasikika sauti ya fundi mkuu, mzee waliyemwita Nyoosha kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake. "Leteni maji! Hiyo ndoo, hiyo hapo! Mshikeni kichwa!" Kisha maji yakasikika yakimwagika, chwaa, na tena, chwaa.

"Umesikia, mama?" mlinzi akasema, pumzi zikimshuka. "Wanamwosha. Watu wa kazi wanaijua kazi yao."

Na hapo, wazazi wenzangu, moyo wa mama nao ulitulia kidogo. Maji si maji? Akaliweka dumu chini. Mlinzi alipomwona amesimama na kiatu kimoja, akavua kofia yake mwenyewe akamvika. Ilikuwa kubwa, ikamfunika hadi kwenye nyusi. Akapanda ngazi zisizo na kingo, bega ukutani, dumu mkononi, haoni vizuri mbele.

Alimkuta Kitinda amepiga magoti, wenzake wamemshika kichwa, Nyoosha anamimina kwa kopo. Kando yake ndoo. Ndani ya ndoo mwiko umeegemea, na maji ni meupe kama tui.

"Fundi," mama akasema, "hayo maji tangu asubuhi mnafanyia nini?"

"Tunaoshea mwi..." Nyoosha akaanza. Neno halikuisha. Akalitazama kopo mkononi mwake kama limemng'ata, akaliweka chini polepole. "Mama, bomba halina kitu. Yalikuwa ndiyo yaliyo karibu. Tulitaka kumsaidia."

Walikuwa wanamwosha chokaa kwa chokaa. Mafundi wazima, kila mmoja alijua vidole vyake vinavyopasuka kwa maji yale, na hakuna aliyekumbuka.

"Fungua jicho, baba."

"Halifunguki, mama."

Alilifungua kwa vidole vyake, akamimina. Kitinda alishika pindo la gauni lake, kama zamani akipelekwa kuchomwa sindano. Maji yalitiririka shavuni, shingoni, sakafuni, halafu yakapungua, halafu yakawa matone. Mama akalitikisa dumu. Akaliinua akalichungulia mdomoni, kana kwamba kuna mengine yamejificha.

Zahanati waliendelea kumwosha muda mrefu sana. Muuguzi alisema chokaa haiachi kula hata maumivu yakipungua. Dawa yake ni maji safi, mengi, hapo hapo, bila kusugua na bila kuchoka, mpaka mgonjwa afike kwa daktari.

"Litapona?" mama akauliza.

"Tuombe Mungu, mama."

Mama akajua.

Jicho lilibaki na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Jioni moja Kitinda akavuta sindano kama desturi. Uzi ukapita kando. Akaulamba, akaujaribu tena, ukapita kando upande mwingine.

"Sindano yako imeziba tundu, mama."

"Imeziba kweli," mama akasema. "Ya siku nyingi hiyo."

Nguo ikichanika utaitia kiraka. Jicho utalitia nini?

Alimwomba asirudi kule. "Nikae nyumbani unihurumie kwa ajili ya jicho moja?" Kitinda akamjibu, akarudi. Mama akaenda kwa msimamizi, akapewa pole na kiti. Miwani ikatoka stoo. Ikafika kwenye paji la uso wa Kitinda, ikakomea hapo.

Ndipo mama akasafisha dumu jipya, akalishonea vazi la kitambaa chekundu, akatarizi kwa herufi zilizopinda: MAJI YA MACHO TU. Mlinzi alilibeba mwenyewe hadi juu. Nyoosha akalipokea kwa mikono miwili na kuapa kwamba halitaguswa.

Bomba likakauka tena. Mama yuko barazani, anashona kola. Akasikia wanagombana dirishani ghorofani, lipu inakauka, maji hakuna, nani atabomoa ukuta huu kesho? Kisha akaona chekundu kinanyanyuliwa, kinainamishwa juu ya karai.

Akasimama. Akapiga kelele mpaka kifua kikauma. Mashine ya zege ikaanza kunguruma, ikaimeza sauti yote.

Aliyekuwa anamimina akageuka, miwani iko kwenye paji. Akamwona mama yake kwa lile jicho linaloona, akatabasamu, akampungia mkono. Halafu akamimina maji yaliyobaki ndooni, akachovya mwiko.

Mama naye, angefanya nini, akainua mkono wake akampungia.