Shimo Nyuma ya Kinu

Mimi sijapata kumwonea haya mwanangu hata siku moja. Ulizeni Gongoni nzima, kuanzia mashamba ya chumvi mpaka dukani. Watawaambia Kambi humtaja mwanawe hata pale mtu anapotaka kunywa chai yake kwa utulivu.

Na kweli nilimtaja. Tukivuta chumvi kwa reki za mbao, maji makali yametufika vifundoni, kila mtu alileta habari za wanawe. Mwaura, aliyetoka bara na kuwaacha wanawe huko, alisema wanashika namba darasani. Nami nikasema wangu ana miaka minne na juzi kavunja chungu cha jirani kwa mpira. Wakacheka. Kesho yake nikaongeza dirisha. Mwaka 1986 ulipofika katikati, mwanangu alikuwa keshavunja nusu ya kijiji.

Kenga hajawahi kupiga mpira. Hajawahi kusimama. Alizaliwa kwa taabu, akakawia kulia, na miguu yake ikabaki laini, haina hata ufa mmoja kwenye nyayo. Jina ni la baba yangu, kama tunavyompa mwana wa kwanza sisi Wagiriama, na baba yangu alikuwa mgema. Minazi aliipanda kama mtu anayeingia chumbani mwake. Basi mwanangu nikamwita Mzee, nikawa namtania kwamba anapumzika kwa minazi yote aliyoipanda zamani. Yeye hucheka. Mke wangu Mapenzi hacheki.

Shimo alitufundisha mama. Unachimba mchanga, unamtia mtoto mpaka mapajani, unaushindilia vizuri, naye anasimama mpaka miguu izoee. Kila nikitoka kazini nilimchimbia Kenga nyuma ya kinu, apate pa kushika. Ukikaa upande wa mbele wa ua, kinu kinaficha chini, unaona mtoto mzima amesimama. Nilizoea kukaa upande huo.

Mapenzi alikwenda zahanati mara tatu. Mara ya tatu akaambiwa kuna Bi Monicah, wa kanisa moja mjini Malindi, anayezunguka na daftari kuandika watoto wa namna ya Kenga. Walioandikwa wangechukuliwa Jumanne kwenda kupimwa vyuma vya miguu. Wengine wangengoja mwaka ujao, kama mwaka ujao atakuja.

"Akija sipo, wewe umwonyeshe," Mapenzi aliniambia. "Usimchekeshe, baba Kenga. Umwonyeshe tu."

Alikuja Jumamosi, Mapenzi amekwenda kuteka maji, nami ndiyo kwanza nimemaliza kushindilia mchanga. Nilisikia hodi, nikazunguka mbele. Alikuwa mama mnene mwenye daftari kwapani. Nyuma yake alisimama Mwaura, aliyemwonyesha njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe baba Kenga?"

"Ndimi."

"Nimeambiwa hapa kuna mtoto ambaye hasimami."

Mwaura alikuwa ameshachungulia ndani ya ua. "Si huyu hapa? Kambi, kumbe ndiye huyu kijana yako wa mpira?"

Kenga alikuwa amekishika kinu kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anatabasamu. Anapenda wageni.

Kumwambia ukweli kulikuwa rahisi. Maneno hata kumi hayafiki. Nilingoja nisikie kitu kifuani, uchungu au haya, chochote cha kunisukuma. Sikusikia. Miguu yangu nayo ni hivyo hivyo, chumvi imeikausha mpaka naweza kukanyaga mwiba nikaendelea na safari.

"Ndiye," nikasema. "Waliokuambia wamekosea nyumba, mama. Huyu angekuwa hasimami, vyungu vya jirani vingepona."

Mwaura alicheka mpaka akajipiga paja. Bi Monicah alimtazama Kenga kitambo. Nikasogea kidogo, nikawa kati yao.

"Anasimama vizuri," akasema, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. "Mungu ashukuriwe. Na majina yenyewe yamenijaa."

Akalirudisha daftari kwapani, wakaondoka. Niliketi kwenye kigoda changu, upande ule ule wa mbele. Baadaye nikasikia gari likiwashwa barabarani.

"Baba," Kenga akaita. "Toa."

Ana maneno sita hivi, na hilo analijua sana. Nikamfukua kwa mikono. Mchanga ulikuwa mbichi, umeshikamana, miguu ikatoka mmoja mmoja, baridi. Nikampakata, nikawa nampangusa vidole.

Mapenzi aliingia na ndoo kichwani. Hakuitua.

"Nimewakuta barabarani," akasema. "Yule mama ameshapanda gari. Mwaura akamwambia mimi ndiye mama Kenga, naye akanitolea mkono dirishani, akanipa hongera. Hata sijajua ni hongera ya nini, gari limekwenda."

Nikatafuta mzaha. Nina mzaha wa kila kitu. Mchanga ulikuwa umenifika viwikoni, mchanga mbichi, wa chini, na mke wangu alikuwa akiutazama.

"Hongera ya nini, baba Kenga?"

Kenga alifurahi kumwona mama yake. Akanyoosha kidole, kama nilivyomfundisha kumwonyesha mtu kitu, akalielekeza shimo nyuma ya kinu.

"Simama," akamwambia.