Pua ya Kuazima

Chun-moi aliinamia bakuli mpaka pua ikakaribia kugusa chai, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayejua anachokitafuta, kisha akainua uso na lile tabasamu alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo kwa miezi mitatu. Lilikuwa tabasamu zuri. Lingemhadaa yeyote aliyesimama pale, ila hapakuwa na mtu. Alikuwa peke yake asubuhi katika chumba cha chai, akijidanganya mwenyewe, na hata huko kujidanganya hakukufaulu. Bakuli lilinuka mvuke. Hapana, mvuke nao una harufu yake. Bakuli halikunuka kitu.

Homa ya mwezi wa pili ilimlaza siku nane, na ilipoaga iliondoka na pua yake kama mgeni anayebeba shuka za mwenyeji. Ulimi uliachiwa makombo: chumvi, sukari, uchungu, ukali wa ndimu. Mtu mwingine angelia siku mbili akazoea. Lakini Chun-moi alikuwa ndiye mtengeneza chai wa ukoo, na kazi hiyo mkono huisaidia, jicho huichungulia, ila pua ndiyo huiamua. Hakumwambia mtu. Mpishi asiyenusa huunguza wali, watu wakacheka wakala mkate. Yeye akiunguza, ni mapato ya mwaka mzima ya nyumba mbili.

Tena katika vilima vya Emei, huko Taiwan, chai haianzwi na mkulima, huanzwa na mdudu. Joto la mwezi wa tano likipanda, vipanzi vya kijani, vidogo kuliko punje ya mchele, huja kufyonza machipukizi. Jani linajikunja, linadumaa, linageuka manjano, na katika kujitetea kwake linatengeneza asali ambayo binadamu hajui kuitengeneza. Ukipiga dawa, mdudu hufa na asali humfuata kaburini. Miaka saba iliyopita Chun-moi aliwashawishi wa nyumba yake na wa nyumba ya shemeji yake, Yun-sen, waache dawa kabisa. Mavuno yakapungua nusu. Miaka mitatu ya kwanza vipanzi havikutokea hata kusalimia. Majirani walisema wenzake wanafuga bata, yeye anafuga wadudu, na wadudu wenyewe wanamkimbia.

Sasa Yun-sen alikuwa amechoka, naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka tu. Alitoa sharti moja. Bwana Liau, mfanyabiashara wa chai kutoka mji wa Beipu ambaye wote wawili walimwamini, aje aonje chai ya msimu huu. Akisema ni chai ya kawaida, Jumatatu shamba litapigwa dawa. Tenki la dawa lilikuwa limeshaoshwa, limeinamishwa ukutani likauke. Na kwa desturi ya kwao, nyumba huweka mezani kopo moja tu. Anayeweka mawili, walisema wazee, hajui chai yake.

Chun-moi alikuwa na makopo matatu, na Liau alikuwa njiani.

La kwanza lilitokana na siku ya jua safi. Majani yake yalikuwa na rangi zote tano zinazotakiwa kwa chai nzuri, ncha nyeupe zikichomoza kama ndevu za paka. La pili lilitengenezwa siku ya manyunyu. La tatu alikuwa akilionea haya. Siku ile alisimama mbele ya ungo akingoja harufu ambayo haikuja, akangoja tena, na alipozinduka majani yalikuwa yamepitiliza. Akayatupia kwenye karai kwa pupa, moto ukawa mkali. Yalitoka meusi, mafupi, yamejikunja kama kitu alichoacha panya nyuma ya gunia.

Alikuwa amepima gramu tatu tatu kwenye mabakuli matatu, akatia maji yanayotokota, akahesabu dakika sita. Chai ya kunywa huhurumiwa, maji yakatulizwa kidogo, ikapewa muda wa kujieleza. Chai ya kuchaguliwa haihurumiwi. Huko hutafuti utamu, unatafuta dhambi, na dhambi hutoka kwa maji ya moto. Aliyanusa yote matatu. Yote matatu yalinyamaza. Basi akafanya ambalo mwanafunzi wake wa kwanza angechapwa kwa kulifanya: akachagua kwa macho. Akavuta kopo lenye ncha nyeupe.

“Mama, si hilo.”

Diep, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni, vidole vya miguu vikikomea kwenye kizingiti. Alikuwa ametoka Vietnam kuja kuolewa, na tangu mwezi wa kwanza wa ndoa Chun-moi alimkataza chumba hicho kwa sababu ya mchuzi wake wa samaki, vitunguu saumu vyake, na sabuni yake yenye maua. Miaka minne kizingiti hicho kilikuwa mpaka wa nchi mbili, na Diep hakuwahi kuomba pasipoti.

“Nani kakuuliza?”

“Hakuna.”

“Basi rudi jikoni ukanuse samaki wako.”

Diep hakurudi. Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwarifu jirani kwamba nguo zake zinanyeshewa, “Mwezi uliopita ulikula wali uliochacha, Mama. Mabakuli mawili. Ukasema leo nimepika vizuri kuliko siku zote.”

Nje majani yaliyochumwa alfajiri yalikuwa yametandazwa juani, na mtu aliyapita akikohoa. Chun-moi alitazama mikono yake. Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira mahali alipozoea kuiweka, asiione.

“Umemwambia nani?”

“Nimwambie nani? Mume wangu yumo humu Jumapili tu, na Jumapili analala.”

“Mbona basi hukuniambia mimi?”

“Ulikuwa unanisifia,” Diep alisema. “Nilitaka niendelee kusikia.”

Kuna maneno yanayomkuta mtu akiwa amejiandaa kwa rungu, yakampiga kwa unyoya, akaanguka vilevile. Chun-moi alijua kuwa hana tena pa kurudi nyuma. Nyuma kulikuwa na tabasamu la kioo na tenki la Yun-sen.

“Ingia.”

“Nimekula vitunguu saumu.”

“Ingia na vitunguu vyako.”

Diep alivuka kizingiti kwa hatua ya mtu anayekanyaga mashua. Aliinamia bakuli la kwanza, akasema ni nyasi, nyasi zilizokatwa zikasahaulika kwenye gunia. La pili, tambara bichi. La tatu aliliinamia, akainuka, akaliinamia tena, akaondoka hatua mbili akarudi.

“Sema basi, usinitoe roho.”

“Asali,” alisema Diep. “Asali ya kweli, na ganda la tunda la lichi lililoiva mno. Halafu chini yake kuna sufuria iliyoungua.”

Kwa hiyo vipanzi vilikuwa vimekuja. Vilifanya kazi yao, jani likafanya yake, na aliyeharibu alikuwa yeye. Chun-moi alikaa juu ya kigoda. Kopo la kwanza lingeitwa chai ya kawaida na hakuna ambaye angemuuliza swali. Angeshindwa kwa heshima, shamba lingepigwa dawa, na siri yake ingezeeka pamoja naye salama. Kopo la tatu lilibeba asali na aibu ndani ya jani lilelile. Huwezi kumchujia mtu kimoja ukamfichia kingine. Alijikuta akiwaonea wivu wadudu, ambao huliuma jani mbele ya kila mtu na wala hawajiulizi wataonekanaje.

Bwana Liau alipofika pamoja na Yun-sen, lililokuwa mezani ni la tatu.

Yun-sen alimimina majani kiganjani, akayageuza kwa kidole. “Shemeji, hii ni chai au dawa ya minyoo?” Hakuna aliyecheka, naye akajichekea kidogo ili mzaha usife njaa. Liau hakuangalia majani sana. Alipima, akatia maji, akageuza saa ya mchanga aliyokuja nayo mfukoni, na dakika sita zikapita wote wakitazama bakuli kana kwamba kuna mtoto anazaliwa humo. Alinusa kifuniko. Alivuta chai kwa kijiko, kwa kelele, akaizungusha mdomoni, akaitema. Akavuta tena, na safari hii akaimeza.

“Nani alikuwa kwenye karai?”

“Mimi,” alisema Chun-moi. “Pua yangu imekufa tangu mwezi wa pili.”

Yun-sen alicheka, akidhani zamu ya mzaha imehamia kwa shemeji yake. Alipoona hakuna anayemfuata, kicheko kikamkatikia mdomoni.

“Miezi mitatu umekuwa ukitunusia hewa?”

“Miezi mitatu.”

Yun-sen alimwita mwongo, kisha akamwita mkaidi, kisha akasema mengi mengine ambayo yote yalikuwa kweli na ambayo Chun-moi aliyapokea kichwa kikiwa wima, maana aliyekwisha lowa haogopi umande. Liau alingoja mpaka pumzi zikamwishia Yun-sen.

“Kopo hili silichukui,” alisema. “Limeungua. Lakini nililomeza nimelimeza, asali imo.” Akageukia dirisha, kwenye majani yaliyotandazwa uani. “Yale ni ya leo? Nitarudi kesho asubuhi. Yun-sen, dawa yako ina haraka gani?”

Yun-sen alisema dawa itangoja hukumu ya kesho, na ikiwa mbaya, Jumatatu iko palepale.

Mchana kutwa Chun-moi na Diep walikuwa juu ya ungo mmoja. Mikono ya mzee ilichukua mikono ya kijana, ikaionyesha namna ya kuyarusha majani yagongane kingo bila kuvunjika, kisha kuyaacha, kisha kuyarusha tena. Hilo lilifundishika. Lililobaki halikufundishika. Alimwambia kwanza itakuja harufu ya majani mabichi, nayo itaondoka. Kisha itakuja ya maua, asiiamini, hiyo imewadanganya wengi, yeye mwenyewe ilimdanganya alipokuwa bibi harusi. Na baada ya maua...

“Baada ya maua nini, Mama?”

Chun-moi alifungua mdomo. Miaka thelathini na minne aliijua harufu ile kama anavyoijua sauti ya mlango wake, na sasa hakuweza kuikumbuka. Hakubakiwa hata na kumbukumbu yake ya kumpa mtu.

“Utajua,” alisema.

“Nisipojua?”

 Chun-moi alikwenda kuwasha moto chini ya karai.

Jioni ilipoingia karai lilikuwa tayari. Kingo za majani zilikuwa nyekundu, vikonyo vimelegea, na mikono ya Chun-moi ilikuwa ikimwashawasha. Mikono ile ilisema wakati umefika, pengine umepita. Lakini mikono ileile ndiyo iliyounguza kopo la tatu. Machipukizi haya yakiharibika, hakuna mengine.

“Sasa?” aliuliza.

“Bado.”

Alizichochea kuni. Akahesabu mpaka mia, akakosea hesabu, akaanza upya. Yun-sen alikuwa amesimama mlangoni, nje ya kizingiti.

“Diep. Sasa?”

Diep alikuwa ameinama juu ya ungo, macho ameyafumba, uso umezama mpaka majani yalimgusa mashavu, akiingoja harufu inayokuja baada ya maua.