Aliyenituma Uwanjani

Sina ubaya na kujiamini. Nilifundishwa kujiamini katika ukumbi wa kanisa pale Kitale, chai na mkate bure, na katika darasa letu hakuna aliyenishinda. Kabla ya hapo nilikuwa msichana wa kuinamisha kichwa. Ukiniuliza jina, nilivijibu viatu vyangu. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nimezunguka kila duka na kila ofisi mjini nikitafuta kazi, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile: una uzoefu? Ningeutoa wapi uzoefu, na wenye kazi ndio hao hao wananifungia mlango kwa sababu sina?

Mama yangu, Nyaruai, aliyekuwa akiuza viazi sokoni, alikuwa na maoni yake. "Wakiuru, huo uzoefu wenu haupikwi," aliniambia siku niliyojiandikisha kwenye mradi wa vijana pale kanisani. "Lakini nenda. Hapa nyumbani utazoea kulala tu."

Mradi wenyewe uliongozwa na Madam Jepkemboi, mama mwenye viatu virefu na moyo mweupe. Alikuwa mtu mwema, na hadi leo nasema alikuwa mtu mwema, ijapokuwa mafundisho yake ndiyo yaliyoniponza. Alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzetu tutaje majina yetu kwa sauti. Alitufundisha kumtazama mtu machoni, kumpa mkono bila kutetemeka, na kukubali kosa bila kumsingizia mwingine. Somo alilolipenda kuliko yote alilirudia kila asubuhi, nasi tukaliitikia kama sala. "Usingoje kutumwa. Boss akikuangalia tu, uwe umeshajua anataka nini."

Mimi nililimeza lote, maganda na kokwa.

Baada ya mafunzo tuligawanywa tukafanye atachimenti, yaani kujifunza kazi kwa mwajiri, miezi mitatu bila mshahara. Mimi nilipelekwa Bungoma kwa Bwana Khisa, aliyekodisha mahema, viti na vipaza sauti vya arusi na matanga. Nilimkuta huko kijana mwingine wa atachimenti, Hillary, mzaliwa wa Bungoma. Khisa alitukaribisha kwa maneno machache. "Kazi ya mshahara iko moja," alisema. "Nyinyi mko wawili. Nitaona nani ni nani."

Basi nikafanya kazi. Nilijifunza kufunga hema lisipeperushwe na upepo, kuwasha jenereta lililokataa, kupanga spika zisipige mluzi. Siku ya kwanza nilipojaribu maikrofoni, nikasikia sauti yangu ikitoka, ikavuka uwanja mzima na kugonga ukuta wa shule upande wa pili, nililia. Nikasingizia vumbi. Hakuna aliyewahi kunisikia hadi ng'ambo ya barabara, na niliitaka ile kazi kama mgonjwa anavyotaka kupona.

Hillary alikuwa kijana wa kupendeza na mvivu wa kuzaliwa. Nikipanda juu ya lori, yeye anashika kamba chini na kunitania. "Wakiuru, si uwachie kesho kitu ya kufanya?" Nilimpenda tu. Sikumwona kuwa tishio hata kidogo, kwa sababu niliamini kwamba kazi humwendea anayefanya kazi.

Mwezi wa mwisho, alifariki mzee mmoja tajiri upande wa barabara ya Lwakhakha. Wabukusu hawamziki mzee wa aina hiyo wakaishia hapo. Siku chache baada ya mazishi, asubuhi, hufanywa kumuse, hotuba ya kumuaga: huitwa msemaji, mzee ambaye kipaji hicho ni cha ukoo wake na hakisomewi popote. Husimama uwanjani katikati ya waombolezaji, akitembea huku na huko na fimbo yake, akaeleza ukoo ulikotoka, marehemu alivyoishi na walio hai waishi vipi. Wakati huo hakuna anayeinuka wala kupita uwanjani. Anayemkatiza msemaji anaitia nyumba ile mkosi, na anajiitia mwenyewe kifo. Haya yote niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilichojua ni kwamba mzee fulani atahutubia, na kazi yetu ni asikike.

Kifungua mimba wa marehemu, Wabwile, alikuwa mtu wa Nairobi, na alitaka maneno ya kumuse ya baba yake yafike hadi barabarani. Khisa alifurahi mno. Familia kama ile ukiipendeza hukupeleka kwa familia nyingine, na ukiiudhi hukufunga milango yote ya Bungoma. Tulipokuwa tukipakia viti kwenye lori alitugeukia. "Leo ndio mtihani," alisema. "Leo nachagua."

Tulifika, tukafunga mahema pande zote, tukaacha uwanja mtupu katikati. Mimi na Hillary tulikaa kwenye mitambo pembeni. Khisa alikaa mkabala nasi, ng'ambo ya uwanja, pamoja na wana wa marehemu. Mtu mmoja alisimama akatangaza jambo kwa Kibukusu, na watu wote wakatulia, hata watoto.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza Hillary.

"Ati watu wanyamaze," alijibu.

Msemaji akaingia. Alikuwa mzee mrefu mwenye joho na kofia ya manyoya ya mbega, na shingoni tulikuwa tumemtundikia maikrofoni isiyo na waya. Alianza taratibu, akitembea, fimbo ikitangulia. Sikuelewa neno, lakini niliona wazee wenye ndevu nyeupe wakilia bila kujifuta. Kisha sauti ikaanza kukatika. Betri. Waliokaa nyuma wakanyoosha shingo, na Wabwile akamtazama Khisa kwa jicho baya.

Betri mpya nilikuwa nazo mfukoni. Nilikuwa nimezitia tangu asubuhi, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kufikiria mbele.

Khisa alitazama upande wetu. Kwanza alimtazama Hillary, na Hillary akainamisha kichwa kama anayefunga kiatu. Kisha akanitazama mimi, akanyanyua kidevu kuelekea kwa mzee. Nilisita. Akanyanyua tena, na mara hii kiganja chake kikapunga chini chini, haraka, nenda.

Niliinuka nikatembea moja kwa moja hadi katikati ya uwanja, kichwa juu, mgongo wima. Madam Jepkemboi angeniona angelia kwa furaha. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuelekea ile maikrofoni ndipo nikagundua kwamba mzee amenyamaza. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso.

Mzee alinisemesha kwa Kibukusu. Alipoona siambulii kitu, akageukia Kiswahili, tena bila hasira.

"Mutoto, nani amekutuma?"

Nilimtazama Khisa. Alikuwa akikagua paa la hema lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Hapo nikajua kwamba nimefanya jambo kubwa ingawa sikujua ni lipi, na nikajua pia kwamba ninaweza kujiokoa kwa kunyoosha kidole. Lakini nikapiga hesabu yangu ya kijinga: nikimtaja, kazi imekwenda. Nikimbebea mzigo huu mbele ya watu wote hawa, ataona nani ni nani, na hawezi kunisahau. Nikamtazama mzee machoni, na hilo nalo lilikuwa kosa juu ya kosa.

"Sijatumwa, kuka," nilisema, yaani babu, kama nilivyowasikia watoto wa pale wakimwita. "Nimekuja mwenyewe."

"Hapana," mzee alisema. "Hapa hakuna mutu anakuja mwenyewe. Ule amekutuma asimame."

Akangoja. Aliwatazama watu mstari kwa mstari, polepole, na alipofika kwa Khisa macho yake yalikaa kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna aliyesimama. Mzee akaivua maikrofoni shingoni, akaniwekea kiganjani taratibu kama anayempa mtoto kitu cha kuvunjika, akatoka uwanjani kwa njia aliyoingilia. Maneno yake mengine aliondoka nayo. Ndipo vilio vikaanza, na nasikia vilizidi vile vya siku ya mazishi.

Khisa sasa akapata miguu. Alikimbilia kwenye mitambo, akachukua maikrofoni ya waya, na sauti yake ikatoka safi kabisa hadi barabarani. "Mtusamehe, wazazi wetu. Huyu si wa huku. Ni mtoto wa Kitale, wa atachimenti tu. Mumesikia yeye mwenyewe, hakuna mtu alimtuma."

Tulirudi Bungoma kwenye lori. Hamtaamini, lakini njia nzima nilikuwa nangoja shukrani. Nilidhani hawezi kusema mbele ya Hillary. Tulipofika stoo aliniita kando, moyo wangu ukaruka.

"Wakiuru, kazi unajua," alisema. "Hiyo siwezi kukunyima. Lakini nitabaki na Hillary."

"Boss, si ni wewe ulinionyesha niende?"

"Nilikuonyesha nini? Ulisema mwenyewe mbele ya watu wote." Hakupandisha sauti. "Sasa nikikuweka, watu watasema aje? Ati Khisa bado anatembea na ule msichana wa kuharibu kumuse? Nani ataniita kwa matanga yake?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Kwa uongo niliousema mimi, kila neno lake lilikuwa sawa. Nilimchukia, na sikuwa na mahali pa kumshikia.

Hillary alinibebea begi hadi stendi. Tulipofika nikamwuliza.

"Uliona akinionyesha?"

"Niliona."

"Na ulijua?"

"Mtoto yeyote wa huku anajua. Hata mimi si alinionyesha kwanza? Nikaangalia chini."

"Nilikuuliza tangazo lilisema nini, Hillary. Ukaniambia watu wanyamaze."

Aliliweka begi chini na kulitengeneza mkanda ambao haukuwa na shida yoyote. "Kazi ilikuwa moja, bana," alisema.

Angalau yeye alisema kweli. Nimemsamehe zaidi ya wengine kwa sababu ya sentensi hiyo, na bado sijamsamehe.

Nilirudi Kitale. Mama hakuniuliza mengi. Alinipa gunia la viazi nichambue. Madam Jepkemboi ndiye niliyemweleza yote, kuanzia betri hadi stendi. Alinisikiliza kwa huruma, akanishika bega. "Pole sana, Wakiuru," alisema. "Lakini hiyo pia ni uzoefu."

Darasa jipya lilipoanza, alituita sisi wa zamani tuje kuwatia moyo wageni, na akawaalika waajiri waje waseme wanataka vijana wa namna gani. Niliingia ukumbini nikamkuta Khisa amekaa mbele, koti limepigwa pasi. Spika zilikuwa zake. Hillary alikuwa kwenye mitambo na fulana mpya yenye jina la biashara mgongoni. Madam alijua habari yangu yote na bado alimwalika, kwa sababu waajiri wanaokubali vijana wa bure hawaokotwi barabarani.

Khisa alisimama akapokea maikrofoni kwa Hillary. Aliongea vizuri, lazima nikiri. "Sisi waajiri," alisema, "hatutaki mtu wa kusukumwa. Tunataka kijana anaona kazi, anafanya. Hangoji kutumwa." Vijana wakawa wanaandika. Mstari wa mbele kulikuwa na msichana mdogo mdogo, ameinamisha kichwa, kalamu inakimbia.

Nikainua mkono. Hillary alileta maikrofoni hadi niliposimama, akainyoosha mdomoni mwangu bila kunitazama. Nikataja jina langu kwa sauti.

"Naitwa Wakiuru. Bwana Khisa, nilifanya kazi kwako. Siku ile ya kumuse, nani alinituma uwanjani?"

Sauti yangu haikutetemeka. Ilienda hadi mwisho wa ukumbi na kurudi, na kwa muda mfupi nikafikiri imemfikia. Khisa alitabasamu kama mtu aliyeulizwa bei ya viti.

"Si hilo swali ulijibu wewe mwenyewe?" alisema.

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima, bila kujua wanacheka nini. Madam Jepkemboi alijua. Nilimwona akijua. Aliinuka haraka, mikono imefunguka, uso ukimeta.

"Mmemwona huyu?" aliwaambia vijana. "Alipokuja hapa hakuweza hata kutaja jina lake. Leo anamwuliza boss swali mbele ya watu. Hivyo ndivyo tunataka. Mpigieni makofi ya kilo."

Wakapiga. Yule msichana wa mbele aliinua kichwa akaniangalia kana kwamba angependa kuwa mimi. Khisa alipiga pia, tena kwa nguvu. Hillary peke yake hakupiga. Alikuwa ameishika ile maikrofoni kwa mikono yote miwili, akiangalia chini.